Sura ya 7: Dawa ya Maji Inaishia Wapi

Maji yanayopampuliwa kwa mkono kutoka baadhi ya visima virefu vya kusini mwa Kitui huingia mtungini yakiwa maangavu kabisa. Mama hukaza kifuniko, humbebesha punda, huyafikisha nyumbani. Jioni akiinamisha mtungi apate ya kupikia, yanatoka ya hudhurungi, na ndani ya plastiki umejishika utandu mwekundu usiotoka hata ukisuguliwa kwa mchanga. Hakuna aliyeyachafua njiani. Chini ya ardhi, mahali pasipofika hewa, chuma kilichomo kwenye mawe huyeyuka na kukaa ndani ya maji bila rangi. Kikikutana na oksijeni hugeuka kutu na kuanza kuzama.

Mama huyo amefundishwa kutia dawa. Dawa hiyo, WaterGuard, ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2003. Ni maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 1.2, na maelekezo yake ni mepesi: kizibo kimoja, yaani mililita 3, kwa mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, kisha ungoje nusu saa. Maji yakiwa na tope, tia vizibo viwili. Mililita 3 za dawa hiyo zina miligramu 36 hivi za klorini. Ukizigawa kwa lita 20, kila lita inapata miligramu 1.8. Kiasi hicho kinatosha kuua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, na kubakiza akiba ya kuyalinda maji yasichafuke tena nyumbani.

Lakini kila miligramu moja ya chuma kilichoyeyuka humeza takriban miligramu 0.63 za klorini. Maji yakiwa na miligramu 3 za chuma kwa lita, chuma peke yake kinadai miligramu 1.9. Dawa yote imekwisha, na vijidudu havijaguswa. Manganizi, ambayo mara nyingi huandamana na chuma, ni mlafi zaidi: kila miligramu yake hula karibu 1.3 za klorini. Mama amefuata maelekezo neno kwa neno, watoto wanaharisha, na lawama inaiangukia dawa au inamwangukia yeye. Kosa liko kwenye kipimo cha macho. Maelekezo yanatenganisha maji maangavu na maji ya tope, na chuma kilichoyeyuka hakionekani kwa macho.

Dawa yoyote inayotiwa majini, iwe klorini, shabu au chokaa, hukutana kwanza na kile ambacho mawe na udongo vimekwisha kukitia humo. Madini hayo yaliyoyeyuka ndiyo yanayoamua dawa itafika kwa uchafu uliokusudiwa au itaishia njiani. Sehemu chache nchini Kenya zinaonyesha jambo hili waziwazi kama kaunti za Kitui na Makueni, kwa sababu ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari msafiri anaweza kuonja maji ya aina nne au tano zisizofanana hata kidogo.

Sehemu kubwa ya Ukambani imekaa juu ya mawe ya kale sana, yaliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Maji hupita kwenye nyufa zake polepole, yakilamba chumvi mwaka baada ya mwaka. Mvua ni haba na jua ni kali, kwa hiyo maji huondoka kama mvuke na chumvi hubaki. Ndiyo maana upande wa Mutomo na Ikutha, kusini mwa Kitui, kuna visima ambavyo watu huvikimbia wakarudi kuchimba mchanga wa mto, ingawa pampu ni nzima. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye jumla ya madini chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 huanza kukataliwa na ulimi. Kuvuka upande wa Makueni hadi Kibwezi, hali inageuka. Huko vilima vya Chyulu, vilivyozaliwa na volkeno juzijuzi kwa hesabu za jiolojia, hunywa mvua yote bila kuacha hata kijito, kisha huitoa chini ya mlima katika chemchemi kama za Umani.

Halafu kuna maji ya mchangani. Mito mingi ya huku hukauka juu lakini chini ya mchanga maji yamelala. Wakazi wameyafukua kwa mikono tangu enzi za mababu. Joshua Mukusya, aliyeanzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, aliwaongoza majirani zake kujenga kuta za mawe na saruji kukata mito hiyo ili mchanga urundikane nyuma yake. Upande wa Kitui shirika la SASOL lilijenga mamia ya mabwawa ya mchanga ya namna hiyo kuanzia miaka ya 1990. Mchanga wa chembe kubwa unaweza kushika maji hadi karibu asilimia 40 ya ujazo wake, na jua haliyafikii kwa urahisi. Maji hayo kwa kawaida hayana chumvi nyingi kama ya visima virefu, hasa mara baada ya mvua. Kasoro yake ni vijidudu, kwa kuwa ng'ombe na punda hunywa palepale panapochimbwa. Kwa maji kama haya kizibo kimoja cha klorini mara nyingi hufanya kazi yake barabara. Chupa ni ileile, mtungi ni uleule, na kilomita chache tu ndizo zinazotenganisha mafanikio na hasara.

Kwa maji ya chuma, tiba haihitaji duka. Maji humiminwa kutoka chombo hadi chombo yapate hewa, yakaachwa yatulie usiku kucha, yakachujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo klorini ikatiwa. Hapo madini mengine humsaidia mtumiaji. Kasi ya chuma kugeuka kutu hupanda mara 100 kila kipimo cha pH, ambacho hupanda asidi inapopungua, kinapopanda kwa alama moja, na maji yenye bikaboneti nyingi, chumvi zinazozuia asidi, kwa kawaida huwa na pH ya 7 au zaidi. Kisima chenye bikaboneti humwachia mtu chuma chake kwa saa chache. Kisima chenye asidi hukishikilia kwa siku nyingi.

Bikaboneti hizohizo zina upande wa pili. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili, na moja ndiyo yenye makali ya kuua. Ile nyingine ni dhaifu mara makumi kadhaa. Kwenye pH ya 6.5 karibu asilimia 90 ya klorini huwa katika sura kali. Kwenye 7.5 ni nusu kwa nusu. Ikifika 8.5, kali ni asilimia 10 tu. Ndiyo sababu maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya kubakiza miligramu 0.5 za klorini baada ya nusu saa yamefungwa kwa sharti kwamba pH iwe chini ya 8. Fundi wa kisima chenye magadi mengi anayepima klorini na kuona rangi nzuri kwenye kipimo chake anaweza kuwa anaangalia dawa iliyopo lakini isiyo na nguvu. Huyo anapaswa kuongeza muda wa kungoja, au dozi, au vyote viwili.

Mji wa Kitui hupata maji yake kutoka bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, na Mwingi hupata ya Kiambere, bwawa jingine la mto huohuo. Maji ya Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Yana madini machache, sabuni hutoa povu kwa urahisi, na wakati wa masika huja mekundu kwa udongo wa mashamba. Tatizo la mwendeshaji wa mtambo hapa ni kinyume cha tatizo la kisima: madini yamepungua mno.

Kuondoa tope hutumika shabu, ile chumvi ya aluminiamu ambayo wenyeji wa pwani na wachuuzi wa dawa za asili wameijua kwa vizazi. Chembe za udongo ni ndogo kiasi kwamba hazizami zenyewe, na zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinafukuzana. Aluminiamu huja na chaji chanya, huzipatanisha, kisha hugeuka mabonge meupe laini yanayokusanya tope na kushuka nalo. Lakini ili mabonge hayo yaundwe, shabu lazima ipate bikaboneti. Kila miligramu moja ya shabu hutumia takriban nusu miligramu ya uwezo wa maji wa kuzuia asidi. Uwezo huo ni kama unga ghalani: kila siku ya tope unachotwa, na ukiisha hakuna ugali. Maji ya mto yenye miligramu 30 tu za uwezo huo kwa lita yakitiwa miligramu 50 za shabu hubaki na 5. Ukiongeza dozi kwa sababu tope halijashuka, pH inaporomoka, aluminiamu inabaki imeyeyuka badala ya kuwa bonge, na maji yanatoka machafu zaidi ya yalivyokuwa, tena yakiwa na makali ya kula mabomba.

Katika kituo chochote cha kusafisha maji kinachoendeshwa ipasavyo kuna meza yenye mashine ya vijiti sita. Chini ya kila kijiti pana gilasi ya lita moja ya maji ya mto. Fundi hutia shabu kwa dozi zinazopanda: 10, 20, 30, 40, 50, 60. Vijiti vinazunguka kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika 20 hivi, kisha vinasimama. Anainama hadi macho yawe sawa na gilasi na kutazama. Ya kwanza bado ni mekundu. Ya tatu ina mabonge makubwa yanayoshuka kama yamekatwa kwa kisu, na maji ya juu yanang'aa. Ya tano imerudi kuwa na ukungu. Mtu asiyejua angefikiri shabu imeharibika. Fundi anayejua huchovya kipimo cha pH kwenye gilasi ya tano, huona imeshuka chini ya 6, na jaribio linalofuata hulianza kwa chokaa kidogo au magadi.

Vitu hivyo viwili haviko mbali. Magadi yamechimbwa kibiashara katika Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kusini mwa Kitui kwenyewe kuna akiba kubwa ya mawe ya chokaa ambayo kampuni za saruji zimekuwa zikiyamezea mate. Kaunti yenye mlima wa chokaa haifai kukosa gunia la chokaa kwenye kituo chake cha maji msimu wa mvua.

Mlonge, mti unaostahimili ukame na unaomea vizuri Ukambani, unatoa njia nyingine. Mbegu zake zina protini yenye chaji chanya inayofanya kazi ya shabu bila kula bikaboneti wala kushusha pH. Samia Al Azharia Jahn alichunguza kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, jinsi wanawake wa Sudan walivyotumia mbegu hizi kusafisha maji ya Mto Naili. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waliripoti kwamba mbegu zikikamuliwa kwa maji yaliyotiwa chumvi ya kawaida, badala ya maji yasiyo na chochote, nguvu ya kushusha tope huongezeka mara 7.4, kwa sababu chumvi hulegeza protini zilizoshikamana na kuziachia. Kasoro moja inafaa kutajwa bila kuificha: mabaki ya mbegu majini ni chakula cha vijidudu na hula klorini. Maji ya mlonge yanywewe siku hiyohiyo, au yachujwe kabla ya kutiwa dawa.

Floraidi inasumbua zaidi kwa sababu haina rangi, haina harufu, na madhara yake huonekana miaka mingi baadaye kwenye meno ya watoto na, ikizidi sana, kwenye mifupa. Watu huihusisha na Bonde la Ufa, lakini visima vinavyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita vimepimwa pia Ukambani. Wahindi walibuni katika miaka ya 1970 mbinu iliyopewa jina la Nalgonda, ambapo shabu na chokaa hutiwa pamoja na mabonge ya aluminiamu huondoka na floraidi. Tanzania iliijaribu katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha. Jedwali la dozi la mbinu hiyo linaeleza mengi: halisomwi kwa kiwango cha floraidi peke yake. Mwendeshaji hutafuta floraidi upande mmoja na bikaboneti upande wa pili. Kwa maji yenye miligramu 2 za floraidi, bikaboneti zikipanda kutoka 200 hadi 1,000, shabu inayohitajika huwa zaidi ya maradufu. Visima vingi vyenye floraidi ndivyo hivyohivyo vyenye bikaboneti nyingi, na gharama hupanda pale ambapo mfuko wa kijiji ni mwembamba.

Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilichagua njia ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na baadaye ikashirikiana na taasisi ya Eawag ya Uswisi kuuongezea chembe zinazotoa kalsiamu na fosfeti, ili floraidi inaswe haraka na kichujio kidumu zaidi. Kalsiamu ndiyo siri hapo. Floraidi na kalsiamu hushikana na kuwa jiwe, lilelile lililokuwa likichimbwa Bonde la Kerio. Kwa hiyo maji magumu, yale yanayokata povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe kwenye sufuria, mara nyingi huwa na floraidi ndogo, kwa sababu kalsiamu imekwisha kuifunga ardhini. Maji laini ya kisima yenye ladha ya magadi ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Si kanuni ya kumwachisha mtu kupima, lakini mwanamke anayelalamikia sabuni na yule anayesifu kisima kwa povu wote wanatoa habari ambayo fundi angepaswa kuiandika.

Kwa maji ya chumvi kali hakuna dawa ya kutia. Chumvi ya kawaida haigeuki bonge wala haizami. Inabaki mitambo ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, na hata hiyo hutegemea madini: kalsiamu hujenga ukoko juu ya utando, chuma huuziba, silika huufanya kama umepakwa kioo. Mtambo uliofungwa bila kupima hayo matatu unaweza kunyamaza kabla ya wafadhili waliouzindua kurudi kuutazama.

Mtihani mkubwa kuliko yote unakuja mpakani. Mto Athi ndio unaotenganisha Makueni na Kitui kwa mwendo mrefu, na pale unapokutana na Mto Thwake ulianza kujengwa, mwaka 2018, ukuta wa mita 80.5 kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Bwawa la Thwake limepangwa kushika mita za ujazo milioni 688, na awamu yake ya maji ya kunywa inalenga mita za ujazo 150,000 kwa siku kwa vijiji vya Makueni na Kitui pamoja na mji mpya wa Konza. Lakini Athi hupokea Mto Nairobi, na Mto Nairobi hupokea maji taka ya jiji zima, viwanda na gereji zake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekwisha kuonya kuhusu uchafuzi huo.

Mazungumzo ya hadharani kuhusu Thwake hukaa kwenye risasi na zebaki, na ni haki yakae huko. Hata hivyo, mambo mawili yaliyoyeyuka na yasiyotisha kwa jina yanaweza kuamua hatima ya mtambo wa kusafisha. La kwanza ni amonia ya vyoo. Kila miligramu ya naitrojeni yake hula miligramu zisizopungua 7.6 za klorini kabla klorini huru haijaanza kubaki. Chuma kinachokula 0.63 ni mgeni mpole ukilinganisha. La pili ni fosfeti ya sabuni na mbolea. Kila miligramu ya fosforasi hujichukulia karibu miligramu 10 za shabu, shabu ambayo ilinunuliwa ishushe tope. Fosfeti inayobaki hulisha mwani kwenye maji yaliyotulia juani. Mwani ukistawi hunyonya hewa ya kaboni mchana na kuipandisha pH, wakati mwingine kupita 9, na klorini hupoteza makali kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Metali nazo hazina tabia moja: risasi ikikuta kaboneti nyingi na pH ya juu huwa rahisi kushuka kama tope, ilhali kadmiamu ikikuta kloridi nyingi hujifunga nayo na kubaki imeyeyuka. Kichujio kilichopangwa kwa moja hakiwezi kudhaniwa kuwa kimepangwa kwa nyingine.

Hakuna hata moja kati ya hayo lisilotibika, lakini kila moja lina bei. Kuzuia amonia na fosfeti Ruai na Dandora jijini Nairobi, zinakotoka, ni nafuu kuliko kununua klorini na shabu ya kuzifukuzia Makueni kwa miaka 50. Mkulima wa Makueni hafai kulipia choo cha Nairobi kwenye bili yake ya maji.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo inaanzia kwenye karatasi ya maabara yenye pH, bikaboneti, ugumu, chuma na manganizi, floraidi, amonia na jumla ya madini, iliyopimwa mara mbili: mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua. Mchimbaji wa kisima hutakiwa kuwasilisha taarifa ya kisima kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, lakini kamati nyingi za vijiji hazijawahi kuiona. Kwa hiyo wanakijiji wakiitwa kwenye mkutano wa wodi kuidhinisha pampu, mtambo au shehena ya dawa, waiombe karatasi hiyo kabla ya kuinua mikono, waisomewe kwa sauti, na nakala yake ibandikwe kwenye kioski cha maji.